Majina ya Tanzu Bila Ngano: Uhakiki wa Nafasi ya Fasihi Simulizi katika Mtaala wa Kiswahili wa Sekondari kwa Kuitazama kutoka Ruponda

Ikisiri

Fasihi simulizi imo katika mtaala wa Kiswahili wa shule za sekondari nchini Tanzania tangu kidato cha kwanza. Makala hii inahoji namna ilivyomo. Kwa kuchunguza muundo wa silabasi ya 2005, mwelekeo wa mtaala ulioboreshwa wa 2023 na mazoea ya upimaji, inadaiwa kwamba mwanafunzi anafundishwa majina ya tanzu na vipera pasipo kulazimika kusikiliza, kuandika wala kuhakiki kazi hata moja aliyoisikia. Kasoro hiyo inaonekana wazi zaidi mahali kama Ruponda, wilayani Nachingwea, ambako sehemu kubwa ya fasihi simulizi inatendwa kwa Kimwera na lugha jirani. Makala inapendekeza kwamba matini simulizi iliyosikilizwa na mwanafunzi mwenyewe, na kutafsiriwa kwa Kiswahili inapobidi, iwe sehemu ya lazima ya ufundishaji na upimaji. Pingamizi zinazotokana na umoja wa taifa, haki katika mtihani, uwezo wa walimu na siri za jando na unyago zinajadiliwa.

1.0 Utangulizi

Ruponda ni eneo la Wilaya ya Nachingwea, Mkoa wa Lindi, lililo jirani na Wilaya ya Ruangwa. Wenyeji wengi wa nchi hiyo ni Wamwera, nao wanaishi pamoja na Wamakua, Wayao na Wamakonde. Katika uainishaji wa Guthrie, lugha zote hizo zimo katika kanda ya P: Kiyao ni P21, Kimwera P22, Kimakonde P23 na Kimakua P31. Kiswahili kinatumika shuleni, sokoni, ofisini na katika nyumba za ibada, na kwa vijana wengi ni lugha ya kila siku. Hata hivyo, hadithi ya bibi, wimbo wa ngoma, maneno ya mtani msibani na mafundisho ya jando mara nyingi vina lugha yake, na lugha hiyo haimo katika ratiba ya shule.

Ruponda haitazamwi hapa kana kwamba ni ya pekee. Yanayosemwa kuihusu yanaweza kusemwa kuhusu Ngara, Mbulu au Kyela. Faida ya kuutazama mtaala kutoka mahali pamoja ni kwamba maneno ya jumla yanapoteza kinga yake. Silabasi inapotaja “jamii”, msomaji hulazimika kuuliza ni jamii ipi. Inapotaja “kazi ya fasihi simulizi”, hulazimika kuuliza ni kazi ipi, ya nani, kwa lugha gani. Makala hii ni uhakiki wa muundo na mantiki ya mtaala. Swali lake ni moja: je, mwanafunzi anayefuata mtaala huu kwa ukamilifu, kisha akafaulu vizuri, atakuwa amekutana na fasihi simulizi?

2.0 Fasihi Simulizi kama Orodha

Mwaka 2005 mtaala wa sekondari ulihamishwa kutoka kwenye msisitizo wa maudhui kwenda kwenye msisitizo wa ujuzi. Katika somo la Kiswahili, mada za fasihi simulizi zilipangwa kwa hatua zinazoeleweka: maana na dhima ya fasihi, tanzu na vipera, uhakiki, utungaji, na hatimaye uhifadhi wa kazi za fasihi simulizi. Kwenye karatasi mpangilio huo ni mzuri. Mwanafunzi angetarajiwa kuanza kwa kutambua, aendelee kwa kuchambua, kisha atunge na kuhifadhi.

Tatizo linaanza pale mada hizo zinapogeuka vitabu vya kiada, na vitabu vinapogeuka nukuu za ubaoni. Tanzu zinatajwa kuwa nne: hadithi, semi, ushairi na sanaa za maonyesho. Kila utanzu unapewa vipera vyake: hadithi ina ngano, vigano, visakale, visasili na soga, semi zina methali, vitendawili, mafumbo, misimu na nahau, na kadhalika. Kila kipera kinapewa fasili ya sentensi moja au mbili na sifa nne au tano. Mwanafunzi aliyezikariri anaweza kujibu maswali mengi ya mtihani bila kuwahi kusikia ngano moja kwa makini tangu mwanzo hadi mwisho.

Mada ya uhifadhi inaonyesha hali hiyo vizuri kuliko mada nyingine yoyote. Mwanafunzi anafundishwa kwamba fasihi simulizi huhifadhiwa kichwani, katika maandishi, katika kanda za kunasia sauti, katika video na katika kompyuta, halafu anaorodhesha ubora na udhaifu wa kila njia. Kuhifadhi kwenyewe hakumo. Kijana wa Ruponda anaeleza udhaifu wa kuhifadhi kichwani (mtunzaji anaweza kusahau, au kufa na hazina yake) huku babu yake, aliye mfano hai wa sentensi hiyo, akiwa kwenye mkeka wa nyumbani, hajaulizwa neno.

Inafaa ikumbukwe kwamba nadharia iliyokuwepo wakati mtaala unaandikwa haikuelekeza huko. Mulokozi, katika makala yake ya 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi iliyotoka katika jarida la Mulika, aliitazama fasihi simulizi kama tukio linalofungamana na muktadha wa kijamii, linalotawaliwa na mwingiliano wa fanani, hadhira, fani, mahali na wakati. Uainishaji wake ulitoka katika mtazamo huo. Vitabu vya kiada, kwa sehemu kubwa, vilichukua desturi ya kuainisha vikaliacha tukio. Majina yakabaki, na kilichopewa majina kikatoweka. Ni sawa na kumfundisha mtu aina za samaki mbali na maji, kisha kumtunuku cheti cha uvuvi.

Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa mwaka 2024, umeandika upya silabasi kwa lugha ya umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli za ujifunzaji na vigezo vya upimaji. Mabadiliko hayo yanastahili kupokelewa kwa matumaini, kwa sababu safu ya shughuli za ujifunzaji inatoa nafasi ya kumwambia mwanafunzi afanye jambo. Lakini jedwali haliwezi kujitekeleza lenyewe. Kama upimaji wa mwisho utaendelea kuuliza fasili na sifa, shughuli za ujifunzaji zitarukwa, kama zilivyorukwa chini ya mtaala wa 2005, ambao nao ulijitambulisha kuwa wa ujuzi.

3.0 Kinachosikika Ruponda

Pengo hilo lina uzito kwa sababu nchi inayozungumziwa ina mengi ya kusikilizwa. Jando na unyago ni taasisi za elimu zenye nyimbo, mafumbo, michezo na mafunzo yaliyopangwa kwa utaratibu, na mara nyingi hufanyika wakati wa likizo za shule, kana kwamba mitaala miwili imeafikiana kupishana. Katika vitabu vya kiada zimewekwa chini ya miviga, kipera cha sanaa za maonyesho, zikapewa fasili na hesabu ya faida na hasara. Msichana aliyetoka kuchezwa unyago Desemba anarudi darasani Januari kusoma kwamba unyago ni sherehe ya kuwafunda wasichana. Hakuna alichojifunza, pengine amejifunza tu kwamba shule inakijua kidogo zaidi yake kitu anachokijua yeye.

Historia ya eneo nayo imeacha masimulizi. Mwaka 1947 Nachingwea iliingizwa katika Mpango wa Karanga wa serikali ya Uingereza, pamoja na Kongwa na Urambo. Reli ikajengwa, misitu ikang’olewa kwa mitambo, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Katika miaka ya 1960 Nachingwea ikawa kituo kikuu cha mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO, na mwaka 1975 Samora Machel alianzia huko safari yake ya kuelekea Maputo. Matukio hayo hayawi fasihi kwa sababu tu yalitokea. Yanakuwa fasihi pale yanaposimuliwa kwa namna fulani, kwa kutiwa chumvi, kwa kuigizwa sauti ya bwana mkubwa au mlio wa trekta, kwa kuwekewa wimbo. Hiyo ndiyo mipaka ya tarihi na soga ambayo silabasi inataka mwanafunzi aijue, na mwanafunzi wa Ruponda angeweza kuichunguza kwa kuwasikiliza wazee wawili wakisimulia jambo moja kwa namna mbili.

Hata fasihi andishi ya kusini haijasogezwa karibu naye. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi kuhusu Vita vya Majimaji, vita vilivyopita katika nchi ya Wamwera kuanzia 1905. Utenzi huo ulichapishwa mwaka 1957 chini ya uhariri wa Whiteley. Unajulikana kwa wanafunzi wa vyuo vikuu wanaosoma historia ya ushairi. Katika sekondari za mkoa ulikotungwa, Majimaji ni mada ya somo la Historia, na utenzi kama umbo ni fasili katika somo la Kiswahili. Viwili hivyo havikutanishwi.

Ikumbukwe vilevile kwamba kwa mwanafunzi wa sekondari, kipindi cha Kiswahili ni miongoni mwa vipindi vichache sana anavyoweza kufikiri kwa sauti bila woga wa kukosea Kiingereza. Ukiondoa Kiswahili chenyewe na somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, siku yake inapita katika lugha ambayo bado anaitafuta. Kipindi kinachoweza kubeba fikra zake zote kikitumika kukariri orodha, hasara yake ni kubwa kuliko ingekuwa katika somo lingine.

4.0 Hoja ya Tafsiri

Jibu linalotolewa mara kwa mara ni kwamba ngano ya Kimwera si fasihi ya Kiswahili, kwa hiyo haimo katika wajibu wa somo hili. Jibu hilo lina mantiki, lakini mtaala wenyewe umeshalikataa kwa vitendo.

Chini ya mtaala wa 2005, orodha ya vitabu teule vya riwaya kwa kidato cha tatu na cha nne ilijumuisha Takadini ya Ben Hanson, pamoja na Watoto wa Mama N’tilie ya Emmanuel Mbogo na Joka la Mdimu ya A. J. Safari. Takadini inahusu mtoto mwenye ualbino na mama yake Sekai, katika mazingira ya Zimbabwe, na wanafunzi wa Tanzania wameisoma pia kwa Kiingereza. Vizazi vya watahiniwa vimehakiki dhamira, wahusika na matumizi ya lugha ya kazi hiyo iliyoingia katika Kiswahili kwa njia ya tafsiri, na hakuna aliyeona ajabu. Uamuzi huo haukuwa kosa. Riwaya hiyo iliingia mikononi mwa vijana katika nchi ambayo watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa, na thamani yake kwa hilo haina shaka.

Hata hivyo, kanuni iliyokubaliwa kwa Takadini haiwezi kukataliwa kwa ngano ya Ruponda. Ikiwa kazi iliyotoka Kiingereza na kuchukua maisha ya Zimbabwe inaweza kuwa matini halali ya somo la Kiswahili baada ya kutafsiriwa, basi kazi iliyotoka Kimwera na kuchukua maisha ya Nachingwea inaweza pia. Kinachozitenganisha ni uchapishaji. Moja ina jalada na bei. Nyingine ina fanani na jioni. Mtaala unaofundisha kwamba fasihi simulizi haihitaji maandishi ili iwe fasihi hauwezi kutumia ukosefu wa maandishi kama sababu ya kuiacha nje.

Sera nayo haipingi. Sera ya Utamaduni ya 1997 inazitambua lugha za jamii kuwa hazina ya utamaduni na inahimiza zifanyiwe utafiti, zihifadhiwe na zitafsiriwe. Miaka 30 kabla yake, Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea alilaumu shule inayomfanya kijana aone kwamba wazee wake hawana la kumfundisha. Taaluma pia ilishafungua njia: sarufi ya Kimwera ya Lyndon Harries ilichapishwa mwaka 1950, na mwandishi huyohuyo ndiye aliyehariri mkusanyo mkubwa wa ushairi wa Kiswahili uliotoka mwaka 1962. Kwake yeye, kukisikiliza Kimwera na kukihudumia Kiswahili hazikuwa kazi zinazopingana.

5.0 Mfano: Kisima cha Wanyama

Ili hoja isibaki hewani, ichukuliwe ngano inayojulikana kwa sura mbalimbali katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Ukame umeingia, wanyama wanakubaliana kuchimba kisima, Sungura anakataa kufanya kazi. Maji yanapopatikana anakuja kuyaiba, na kila mlinzi anayewekwa anamhadaa kwa asali. Mwishoni Kobe anajipaka ulimbo mgongoni, anajilaza majini, na Sungura ananasa.

Katika mazoea yaliyopo, ngano hii huishia kwenye mstari mmoja wa daftari: mhusika mkuu ni Sungura, funzo ni kwamba uvivu na ujanja havifai. Lakini mwanafunzi aliyeisikiliza akakaa na hadhira ana maswali ambayo mstari huo hauwezi kuyajibu. Kwa nini watu wanacheka na Sungura badala ya kumcheka? Kwa nini fanani anakawia katika kipande cha asali, anakirudia kwa kila mlinzi, na kukipitia haraka kipande cha kunaswa? Wimbo anaouimba Sungura akija kisimani unaitikiwa na hadhira. Je, wanaoitikia wamejiunga na mwizi? Katika kijiji ambako msaragambo wa kuchimba kisima au kujenga darasa ni wajibu unaojulikana, je, ngano inamtetea anayedai kazi au inampa pumzi anayedaiwa? Maswali hayo ndiyo uhakiki, na yanatokana na utendaji, hayapatikani katika orodha ya sifa za ngano.

Tafsiri inaongeza jambo ambalo mwalimu wa lugha hapaswi kulidharau. Mwanafunzi anayeihamisha ngano hiyo kutoka Kimwera kwenda Kiswahili anakutana na viigizi, yaani maneno yanayoiga sauti au mwendo, ambavyo havina visawe vya moja kwa moja. Anakutana na wimbo ambao ukitafsiriwa neno kwa neno unapoteza mapigo, na ukiachwa katika Kimwera unahitaji maelezo. Anakutana na fomula ya kufungulia. Vitabu vya kiada humpa “Paukwa! Pakawa!”, lakini fanani wake ameanza kwa maneno mengine, na inambidi aamue kama atayaacha yalivyo au atamvika fanani vazi la pwani. Anagundua pia kwamba lugha mbili zinazofanana katika ngeli na viambishi hazifanani katika kila njeo wala katika kila namna ya kuunganisha matukio. Katika kazi moja amepimwa sarufi, msamiati, rejesta, utungaji na uhakiki. Ni vigumu kupata shughuli nyingine ya ujifunzaji inayokusanya umahiri mwingi hivyo kwa gharama ya daftari na jioni moja.

6.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni la umoja wa taifa. Kiswahili kilipewa shule za msingi na mikutano ya hadhara ili Watanzania wasikilizane, na kuna hofu ya haki kwamba kuzirudisha lugha za jamii darasani ni kufungua mlango wa ukabila. Pendekezo hili halizirudishi kama lugha za kufundishia wala kama masomo. Kinachoingia darasani ni matini ya Kiswahili, na kinachofanyika ni kukipatia Kiswahili mali ambayo hakikuwa nayo. Darasa la Ruponda lenye Wamwera, Wamakua na Wayao, wakisomeana ngano zao kwa Kiswahili, linakifanya Kiswahili kazi iliyokusudiwa.

Pingamizi la pili ni la haki katika mtihani. Mwanafunzi wa Dar es Salaam ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kiswahili hana ngano ya kutafsiri. Lakini sharti linalopendekezwa ni la kusikiliza. Tafsiri ni hatua inayotokea pale inapohitajika. Kijana wa Temeke ana masimulizi ya kijiweni, nyimbo za vigodoro, utani wa daladala na hadithi za nyanya yake. Kwa upande mwingine, hali ya sasa si sawa kama inavyodhaniwa. Fomula, methali na vipera vinavyotolewa mfano katika vitabu vingi vimeegemea pwani na visiwani, na kwa hiyo baadhi ya watahiniwa tayari wanajibu kuhusu nyumbani kwao huku wengine wakijibu kuhusu kwa jirani.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi: mwalimu. Mwalimu wa Kiswahili aliyepangiwa kazi Nachingwea anaweza kuwa ametoka Kagera au Mbeya, na Kimwera asikijue. Hawezi kuthibitisha kwamba tafsiri ni aminifu. Ukomo huu ni wa kweli, na haufai kufunikwa. Unapunguzwa, ingawa hauondolewi, kwa kuwataka wanafunzi wawili wasikilize kazi moja na kulinganisha tafsiri zao mbele ya darasa, ambako wanaoijua lugha watasema palipopotoka. Mwalimu anabaki na kazi aliyoisomea: kupima Kiswahili cha matini, uthabiti wa maelezo na kina cha uhakiki. Kuna faida nyingine isiyotajwa katika jedwali lolote, nayo ni kwamba mwalimu mgeni anaambiwa na wanafunzi wake jambo asilolijua.

Pingamizi la nne ni la siri. Nyimbo za unyago na baadhi ya mafundisho ya jando hayakusudiwi kusikiwa na kila mtu. Historia ya eneo inaonyesha jinsi jambo hili lilivyo gumu taasisi ya nje inapoingia. Askofu Vincent Lucas wa Dayosisi ya Masasi, katika miaka ya kati ya vita vikuu viwili, aliunda jando la Kikristo kwa kuchukua sehemu za mila na kuacha nyingine. Jaribio lake limejadiliwa sana kwa sababu lilionyesha kwamba anayechagua cha kubaki na cha kuondoka anachukua mamlaka ambayo hapo awali yalikuwa ya wazee. Mtaala hauna budi kujifunza kutokana na hilo. Matini zinazoletwa darasani ziwe za hadharani, fanani aombwe ruhusa, na mwanafunzi awe na haki ya kusema kwamba jambo fulani halisemwi. Kwa kweli ni mtaala uliopo unaokosa staha hapa, maana unamtaka msichana aorodheshe hasara za unyago mbele ya wavulana bila kujali kama ana ruhusa ya kuuzungumza.

7.0 Upimaji

Hakuna pendekezo kati ya haya litakalodumu lisipofika kwenye mtihani. Tangu Baraza la Mitihani lianzishwe mwaka 1973, kinachotahiniwa ndicho kinachofundishwa, na mwalimu mwenye darasa kubwa hawezi kulaumiwa kwa kufuata njia hiyo. Kwa hiyo marekebisho yaanzie kwenye upimaji, kwa hatua tatu zisizohitaji kitabu kipya.

Kwanza, kazi mradi ya Kiswahili iwe na sharti la matini moja simulizi: matini yenyewe kwa Kiswahili, jina la fanani kama ameridhia kutajwa, mahali, wakati na hadhira, pamoja na uhakiki wa kurasa chache. Alama za maendeleo ya mwanafunzi ziitambue. Nakala ibaki katika maktaba ya shule, na nyingine irudishwe kijijini. Baada ya miaka mitano, shule moja itakuwa na mkusanyo ambao hakuna mchapishaji aliyewahi kuuleta Nachingwea.

Pili, mtihani wa kidato cha nne uwe na swali la matini simulizi isiyojulikana kwa mtahiniwa. Kenya imekuwa ikifanya hivyo katika karatasi ya tatu ya Kiswahili ya KCSE, ambako mtahiniwa hupewa wimbo au masimulizi na kuulizwa kipera chake, nafsi inayosema, shughuli za jamii husika na mbinu za lugha. Njia hiyo nayo imezaa ukariri wake, kwa kuwa maswali yanaweza kuzoeleka. Hata hivyo inamlazimisha mtahiniwa ayasome maneno yaliyo mbele yake. Msingi wa mwelekeo huo ni mjadala ulioanzishwa mwaka 1968 katika Chuo Kikuu cha Nairobi na Ngũgĩ wa Thiong’o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliotaka mapokeo simulizi ya Afrika yawe katikati ya masomo ya fasihi. Tanzania, iliyotangulia kukipa Kiswahili hadhi, haina sababu ya kuchelewa katika hili.

Tatu, swali la uhifadhi lidai ushahidi wa kuhifadhi. Mwanafunzi aulizwe alihifadhi nini, alipoteza nini alipokiandika, na angefanya nini tofauti. Jibu la swali hilo haliwezi kunakiliwa kutoka kwenye daftari la mwaka jana.

8.0 Hitimisho

Mtaala ulioboreshwa umefungua mkondo wa amali, na katika mikoa ya korosho na ufuta ni haki kutarajia kwamba elimu itamwezesha kijana kuzalisha. Lakini ujuzi usichukuliwe kuwa ni wa mikono peke yake. Kusikiliza kwa makini, kuelewa kwa nini hadhira imecheka, kuhamisha maana kutoka lugha moja hadi nyingine bila kuiua, na kuuliza anayesimulia anataka nini, ni ujuzi ambao mkulima, karani, muuguzi na hakimu wote wanauhitaji. Somo la Kiswahili ndilo lenye dhamana ya kuukuza, na fasihi simulizi ndiyo mahali pa karibu zaidi pa kuanzia.

Makala hii ilianza kwa kuuliza kama mwanafunzi anayefaulu mtaala huu atakuwa amekutana na fasihi simulizi. Jibu, kwa sasa, ni kwamba anaweza kufaulu pasipo kukutana nayo, na akikutana nayo itakuwa nje ya shule na nje ya alama. Kulibadilisha jibu hilo hakuhitaji kuifuta silabasi. Kunahitaji sharti moja katika kazi mradi, swali moja katika mtihani, na mwalimu anayeruhusiwa kusema darasani: nendeni mkasikilize, mje mtuambie. Wanaojua ngano hizo wanazeeka, na likizo za Juni na Desemba zinapita kila mwaka.